Historia ya Kariokor barazani: shajara ya mradi

Jumamosi, 18 Januari 2025. Tulipoanzia

Tuko wanne: walimu wawili wa historia wa sekondari, mmoja aliyesomea fasihi ya Kiswahili, na fundi wa sauti. Sote tumelelewa Nairobi, kati ya mitaa ya Ziwani, Kariokor na Majengo. Tunaandika shajara hii ili kikundi kingine kikitaka kufanya jambo kama hili mtaani kwao kisianzie tulipoanzia sisi.

Tunachotaka kufanya ni hiki. Historia ya wapagazi wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 imeandikwa, tena vizuri, na watu wa vyuo. Wanaokaa palepale wapagazi walipopiga kambi hawajaiona. Jina Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, lililotamkwa na vinywa vya wenyeji; Kariakoo ya Dar es Salaam imezaliwa na jina hilohilo. Mtu anaweza kushona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor miaka thelathini asiambiwe hilo na yeyote.

Historia, fasihi, lugha na falsafa vyuoni huitwa insia. Nimezisoma, ninazifundisha, na zimenilea. Kwa hiyo inaniuma kuona tasnifu kuhusu mtaa imelala kwenye rafu ambayo mwenye mtaa haifikii bila barua ya utambulisho. Maktaba ya McMillan, pale katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931 ikawa ya Wazungu peke yao hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo mlango uko wazi kwa kila mtu, na bado jirani zangu wengi huwapita wale simba wawili wa mawe kama wanaopita nyumba ya mtu.

Fedha: kila mmoja ametoa shilingi 15,000. Jumla 60,000. Hatuna mfadhili.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Mhadhara wa kwanza

Umeshindwa. Naandika usiku huuhuu kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Tulikodi ukumbi (5,000), projekta (2,500), viti 60 kwa shilingi 15 kimoja (900), tukanunua maji ya chupa (1,200). Tulichapisha mabango manane ya turubai, mita mbili kwa moja, 1,400 kila moja, yaani 11,200. Tulianza saa nne asubuhi. Walikuja watu kumi na mmoja, na sita kati yao ni rafiki zetu.

Makosa ninayoyaona usiku huu ni matatu. La kwanza ni saa. Jumamosi saa nne asubuhi soko la Gikomba limechacha. Mwenye kibanda hawezi kukiacha aende kusikiliza mhadhara. La pili ni mabango: maandishi madogo, sentensi ndefu. La tatu ndilo limeninyima usingizi. Mlangoni tuliweka meza, na juu yake daftari la kuandika jina na nambari ya kitambulisho, kwa sababu kila mkutano tuliowahi kuhudhuria ulikuwa na daftari kama hilo. Nilisimama nje dakika ishirini nikitazama. Watu walifika, wakaliona daftari, wakageuka. Mama mmoja wa mboga aliniuliza, "Mwalimu, kipande cha nini tena?"

Kipande. Hadi leo Nairobi tunakiita kitambulisho kwa jina hilo. Baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka kumi na sita alilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya mkebe wa chuma. Bila hicho hupati kazi, na huwezi kumwacha mwajiri. Mkebe wenyewe ulikuwa kwenye bango letu la sita. Nasi tulikuwa tumekaa mlangoni tukidai kipande.

Rekebisho: hakuna daftari tena. Tukitaka idadi tunahesabu vichwa.

Jumamosi, 22 Februari 2025. Kuandika upya

Wiki mbili hizi tumeshinda na mabango. Sentensi ya kwanza ya bango la pili ilisema hivi: "Uhamasishaji wa nguvukazi ya wenyeji ulichukua sura ya kitaasisi kufuatia kupanuka kwa operesheni za kijeshi katika kanda." Niliiandika mimi. Nilimpelekea fundi viatu sokoni, akaisoma mara mbili kwa utaratibu, akanirudishia karatasi na kusema, "Kiswahili changu hakijafika huku, mwalimu." Kiswahili chake kimefika kila mahali. Sentensi ndiyo haikuwa imefika popote.

Sasa inasema: "Jeshi la Waingereza lilihitaji wa kubeba. Magari hayakupita porini. Punda na ng'ombe walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu."

Hakuna ukweli uliopotea hapo, na sababu imeongezeka: ile ya kwanza haikueleza kwa nini watu walihitajika. Wenzangu walimu, nawasihi jaribuni kipimo hiki. Msomeeni mtu aliye kazini, mkono wake ukiwa na sindano au mwiko. Akiacha kazi ili akuelewe, sentensi ni nzito. Akiendelea na kazi huku akikuuliza swali, imefika.

Tumeacha turubai kwa sasa. Tunachapisha kwa karatasi kubwa kwenye saibaa, yaani duka la intaneti, shilingi 40 moja, tunabandika, tunasikiliza, tunarekebisha. Raundi tatu za karatasi nane zimegharimu 960. Laiti tungeanza hivi.

Jumamosi, 15 Machi 2025. Baraza baada ya tarawehe

Tulidhani Ramadhani ingetusimamisha. Mwenzetu wa fasihi, ambaye kwao ni Majengo, ndiye aliyesema tusisubiri: baada ya tarawehe watu hukaa barazani hadi usiku mwingi, wamekula, hawana haraka. Tuliomba ruhusa kwa wazee wa hapo, kando ya Digo Road. Hatukukodi kiti hata kimoja. Tulinunua kahawa chungu na kaimati kwa 1,100, tukabandika karatasi zetu ukutani chini ya taa ya duka.

Nilihesabu watu arobaini na tatu, kisha nikaacha kuhesabu.

Tulianza na mzigo. Beli la unga la pakiti kumi na mbili za kilo mbili ni kilo 24, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia huo. Tuliliazima dukani. Vijana walipokezana kulibeba kichwani kutoka taa moja hadi nyingine na kurudi. Wa kwanza alirudi akihema. Nikawaambia mpagazi aliutembeza siku nzima, kesho yake tena, kutoka huku hadi ndani ya Tanganyika, kwa chakula kibovu na kidogo, na kwamba maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Baraza lilinyamaza.

Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Nisomee hilo la pili, mwanangu. Usiku macho yangu hayashiki." Nikasoma. Nilipofika penye "maelfu ya vijana walijiunga" akainua mkono.

"Simama hapo. Nani alijiunga?"

"Wapagazi, bibi."

"Babu yangu hakujiunga. Alikamatwa. Alitumwa na mamake kuchota maji, kibuyu kikarudi na mtoto mwingine. Andika walikamatwa."

Kijana mmoja akasema, kwa adabu, "Lakini bibi, wengine si walikwenda kwa hiari yao?"

"Wa mwanzo, pengine. Babu yangu hapana."

Akatulia, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na bango lake: "Na mshahara wake, nani aliuchukua?"

Tulirudi kwenye vitabu wiki nzima. Bibi yuko sahihi katika yote mawili. Miezi ya mwanzo walikuwepo waliokwenda kwa hiari. Mwaka 1915 sheria iliruhusu kuwatwaa watu kwa nguvu, na mshahara ukateremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi kwa kuanzia. Mwaka 1917 ofisa wa kikoloni, John Ainsworth, akasimamia msako mkubwa, wilaya moja baada ya nyingine. Na mishahara ya maelfu waliokufa haikuzifikia familia zao hata siku moja. Sisi wanne, wawili wetu wakiwa na shahada ya historia, tuliandika "walijiunga" kwa sababu ndilo neno la kawaida la mtu na jeshi. Yalikuwa ni mazoea ya kalamu.

Mwaka 1968 hapa Nairobi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai kwamba fasihi ya Kiafrika, na simulizi ndani yake, ikae katikati ya masomo ya chuo. Dai lao lilibadilisha mitaala, na mimi ni tunda la mitaala hiyo. Nilifanya mtihani wa fasihi simulizi nikafaulu. Lakini usiku ule ndio mara ya kwanza msimulizi kunisahihisha maandishi yangu, na kila mtu barazani alimwona akifanya hivyo. Baada ya hapo wengine wanne waliomba kusema.

Tumefanya mabaraza manne kwa jumla kabla ya Idi. Gharama ya kahawa na kaimati: 4,400.

Jumamosi, 12 Aprili 2025. Picha za nyumbani

Mabaraza yalileta picha. Watu walianza kuja na albamu, vyeti, barua. Tukaamua kuzinakili kwa kamera na kurudisha siku hiyohiyo, mbele ya mwenyewe. Hatubebi picha ya mtu kwenda nayo nyumbani.

Kosa dogo kwanza: mng'ao. Taa ya chumbani iliacha doa jeupe usoni mwa kila mtu. Dawa yake ni kuzima taa, kuweka meza kando ya dirisha ili mwanga uingie kwa ubavu, kulaza picha juu ya kitambaa cheusi (400) na kuitandaza kwa kipande cha kioo safi (350). Nakala kubwa tunaihifadhi kwenye diski ya nje (6,500).

Kosa kubwa ni langu. Albamu za miaka ya sabini zina kurasa za gundi zilizofunikwa na plastiki. Nilijaribu kubandua picha moja ili nione kama nyuma yake pana maandishi. Kona ikachanika, kipande kikabaki kwenye gundi. Ni picha pekee ya mama ya mwenye albamu akiwa msichana, amesimama mbele ya nyumba Shauri Moyo. Mwenye albamu hakunigombeza. Alikiangalia kile kipande kwa muda mrefu, akakigusa kwa ncha ya kidole. Nilimwomba radhi hapo, nikarudi kesho yake na mwenzetu mkubwa kiumri kumwomba tena, kwa sababu jambo kama hilo haliombwi mara moja na mtu mmoja. Tulimpeleka kwa fundi wa picha, kona ikarudishwa kwa mkono: 1,500.

Kanuni tangu siku hiyo: picha iliyoshika gundi haibanduliwi. Unapiga ukurasa mzima kama ulivyo. Maandishi ya nyuma, kama yapo, yatakaa hukohuko.

Kisha kuna idhini. Tulikuwa na fomu ya kurasa mbili kwa Kiingereza, tuliyoipata mahali. Mzee mmoja aliisukuma kando: "Mimi siweki kidole kwenye karatasi nisiyoisoma. Tulipoteza shamba hivyo." Alikuwa na haki yake. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mtu akubali kwa kujua anachokubali, na fomu ile haikumjulisha yeyote kitu. Sasa tunasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, maswali matatu tu: Tuiweke kwa ajili ya familia yako peke yake? Tuioneshe barazani? Tuiweke kwenye intaneti? Anajibu, tunarekodi sauti yake, tunampa nakala kwenye simu. Na tunamwambia anaweza kubadili mawazo. Familia moja imebadili; tumeiondoa picha yao siku hiyohiyo bila kuuliza sababu.

Jumamosi, 10 Mei 2025. Turubai tena

Maandishi yalikuwa yametulia, tukachapisha mabango matano mapya (7,000). Matano yanatosha; yale manane yalikuwa tamaa. Tuliyatundika kwenye uzio karibu na soko. Siku ya tatu upepo wa mvua ukachana vishimo vya kutundikia vya pembeni kwenye yote matano.

Fundi viatu wetu aliyaona yamelala kibandani. Akakata pembe tatu za ngozi, akazipaka gundi, akazishona kwa uzi wa nta kwenye kona, mbele na nyuma, kisha akatoboa tundu katikati ya ngozi. Kona ishirini, shilingi 1,000 kwa zote. Mvua ya wiki mbili zilizofuata haikuyafanya kitu. Ukichapisha turubai, usitegemee vishimo vya kiwandani. Mtafute mshona ngozi kabla hujatundika.

Jumamosi, 28 Juni 2025. Sauti

Tulipanga baraza la tarehe 25, tukaliahirisha. Siku hiyo barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa nje.

Tuliyorekodi Machi tulikuwa tumeyatuma WhatsApp mazima, dakika arobaini, megabaiti 38. Watu wachache sana waliyapakua. Bando ni hela. Fundi wetu ameyakata vipande vya dakika nne nne, sauti ya mkondo mmoja, kilobiti 32 kwa sekunde. Kila kipande hakifiki megabaiti moja. Maneno ya mtu yanasikika bila taabu kwa kiwango hicho. Maikrofoni ya kubana kolani 1,800, kadi ya kumbukumbu 1,200.

Kipande kilichosambaa zaidi ni ubishi kuhusu jina Shauri Moyo. Vitabu vinasema kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wakahamishiwa huko. Mzee mmoja anasema jina ni uchungu wa waliohamishwa: kuhama ni shauri la moyo wako, ukitaka usitake. Mwingine anasema hapana, ni maneno ya serikali kuwajibu waliolalamika. Hatukuamua. Tumewaacha wote wawili wamalize, na kipande kinakatika wakiwa bado wanabishana.

Jumapili, 24 Agosti 2025. Matembezi

Mara ya kwanza, Jumamosi tarehe 16 mchana, yalivurugika. Watu thelathini na wanane kwenye njia ya miguu, honi za matatu, vituo tisa. Wa nyuma hawakusikia neno. Leo tumerudia: Jumapili saa moja asubuhi, vikundi vya watu kumi na wawili, vituo vinne. Maji na sanduku la huduma ya kwanza kwa siku zote mbili: 2,300.

Tunaanzia kwenye sanamu za shaba za Kenyatta Avenue, zilizozinduliwa 1928. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Maandishi ya chini yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaita wapagazi mikono na miguu ya jeshi. Sisemi kitu hapo. Namwomba mtu yeyote asome Kiswahili kwa sauti. Leo alisoma kondakta wa matatu aliyekuwa na zamu ya mchana. Alikwama kidogo kwenye tahajia ya kizamani, akarudia, akafika mwisho, pale panapoahidi kwamba ukifia nchi yako wanao watakumbuka jina lako.

Msichana wa kidato cha pili akaizunguka sanamu yote, pole pole, akiinama kila upande. Akaniuliza, "Mwalimu, majina yako wapi?"

Hayapo. Hakuna jina hata moja pale. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba wengi wao walizikwa bila alama. Tukatembea hadi jumba la Nyaraka za Kitaifa, lililokuwa Benki ya India, nikamwonesha mlango wanaoingilia watafiti. Akauliza kama mtu wa kidato cha pili anaruhusiwa. Nimeahidi kwenda naye na mzazi wake kuuliza.

Jumamosi, 27 Septemba 2025. Hesabu na kazi iliyobaki

Tumetumia 48,210, zimebaki 11,790. Ukitoa mhadhara wa Februari na mabango manane ya kwanza, ambayo tulikosea yote, mradi huu ungegharimu 27,410, zaidi kidogo ya nusu.

Maswali mawili yamekuwa kazi yetu ya miezi ijayo: mshahara wa babu ya bibi, na majina. Kwa majina tumeanza kuuliza barazani, mtu mmoja mmoja, nani kwao alikwenda na hakurudi. Tunayo kumi na saba. Kila jina tunaliandika jinsi familia inavyolitamka, pamoja na jina la aliyelitoa ikiwa amekubali.

Bango la pili tumelibadilisha. Turubai mpya ingekuwa 1,400, kwa hiyo fundi viatu alikata kipande cheupe akakishona juu ya neno "walijiunga", ambalo tulikuwa tumeliacha hata kwenye toleo la Mei kwa sentensi iliyohusu miezi ya mwanzo bila kuitaja. Bibi alitaja maneno, mwenzetu wa fasihi akaandika kwa wino usiofutika: "Wa mwanzo wengine walikwenda. Kuanzia 1915 walikamatwa." Kushoto tumeacha nafasi ya shubiri mbili. Bango liko kibandani kwa fundi viatu, limetazama njia, na kalamu imefungwa kwa kamba ya ngozi kwenye kona.